Miti Thelathini na Moja ya Ziwa Harmon

Verlon Tackett alikuwa mtu wa amani hadi siku ulipotundikwa ubao kwenye duka la chambo la Opal Dean, mwezi wa Aprili, juu ya tangi la vidagaa. Ubao wenyewe haukuwa na matusi. Ulikuwa na majina ya maziwa manne ya upande ule wa magharibi wa Kentaki, na mbele ya kila ziwa namba moja: katika kila samaki mia wa aina ya krapi waliovuliwa mwaka jana, wangapi walifika inchi kumi. Krapi asiyefika inchi kumi hurudishwa majini, ndiyo sheria, na anayemficha kwenye kasha lake la barafu hutozwa faini na kuchekwa kanisani. Ziwa Sulphur Fork lilikuwa la kwanza, themanini na moja. Ziwa Harmon, ziwa alilovua Verlon tangu ana suruali fupi, lilikuwa la mwisho. Kumi na tisa.

"Usinitolee macho mimi," alisema Opal, akichota vidagaa kwa kijiwavu. "Mimi nauza chambo. Kayasema yule binti wa serikali."

Binti wa serikali alikuwepo, anakunywa kahawa karibu na mlango. Aliitwa Marlys, na kazi yake ilikuwa kusimama kwenye gati za boti na rula yake, kuwapima samaki wa watu na kuandika.

"Mwanangu," Verlon alimwambia, "mimi jana nimerudi na ishirini halali. Kiwango kamili cha siku. Sasa hii kumi na tisa umeiokota wapi?"

"Na uliowarudisha majini walikuwa wangapi, Bwana Tackett?"

Verlon alikuna shingo. "Labda themanini."

"Basi ndiyo hiyo. Harmon wako wengi mno, chakula hakiwatoshi, wanadumaa. Sulphur Fork ni wachache na wamenenepa. Lakini namba hii ni ya fungu tu, haikwambii utavua wa..."

Verlon hakusubiri amalize. Alikwisha kuona jina la mtu likiandikwa kwenye ule ubao, ingawa hakuna aliyeliandika. Garvin Stroud ndiye aliyekuwa akivua Sulphur Fork.

Huyu Garvin alikuwa fundi mstaafu wa nyaya za umeme, mjane, mpole, aliyehamia pale miaka mitatu nyuma na kukaa benchi la pili kanisani kana kwamba alizaliwa juu yake. Hana kosa hata moja, na hilo ndilo lililomkera Verlon kuliko yote. Kila Mei kanisa lilifanya karamu ya samaki, na kwa miaka ishirini na miwili samaki wale walikuwa wa Verlon, watu walikula wakisema "samaki wa Verlon" kama watu wengine wanavyosema "mkate wa Bwana." Mwaka uliopita Garvin alileta samaki kumi na wawili tu, lakini kila pande la nyama lilijaa kiganja. Ardith, mke wa Verlon, aliliuma moja, akafumba macho, akasema mbele ya watu, "Haya, huyu sasa ndiye samaki."

Sentensi ndogo hivyo. Ardith mwenyewe aliisahau kabla hajafika kwenye kachumbari ya kabichi. Mumewe aliibeba mwaka mzima, akaenda nayo ziwani, akalala nayo. Wivu una kumbukumbu nzuri kuliko mhasibu yeyote.

Jioni ya siku ile ya ubao alimuuliza mkewe, akijifanya anatafuta kijiko, "Hivi wewe, samaki wangu unawaonaje?"

"Wadogo watamu," alijibu Ardith.

"Wadogo."

"Watamu, nimesema. Verlon, una nini wewe?"

Wiki mbili nzima Verlon alikuwa akivua Harmon huku anawatukana samaki. Fimbo ya ndoano ilitikisika, akavuta, akapima: inchi nane. Ikatikisika tena: nane na nusu. Zamani alikuwa akicheka na kuwarusha majini akiwaambia warudi wakale mboga. Sasa kila mdogo aliyemshika alimwona kama kibao usoni, na halali ishirini wa jioni hakuwafurahia tena, kwa sababu alikuwa akiwahesabu wale themanini.

Ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa Harmon halifanyi.

Lazima niseme habari ya miti. Krapi hapendi maji matupu. Hukaa penye matawi. Basi kila mvuvi wa kule huzamisha miti yake kwa siri, na mahali hapo ni pake. Verlon na Ardith walizamisha mti wao wa Krismasi kila mwaka tangu waoane. Tarehe mbili Januari, barafu ikiruhusu, walifunga tofali la zege kwenye shina, na Ardith alichukua kifuniko cha chupa ya jamu, akakikwaruza mwaka kwa msumari na kukifunga kwa waya kwenye tawi la juu. Kisha waliusukuma pamoja mpaka ukazama, wakanywa kahawa palepale botini. Miti thelathini na moja, imepangwa chini ya maji kuanzia kwenye nguzo ya daraja la zamani hadi kwenye ghuba ya mawe. Hata binti yao hakuoneshwa.

Kwa watu wale, ukimpa mtu mahali pako kwa kushikana mikono, umempa. Hupitishi tena ndoano pale mpaka yeye mwenyewe akualike. Mtu anaweza kukosea njia ya kurudi kwa mkewe na akasamehewa, lakini hilo halisameheki.

Verlon alimkuta Garvin kwenye duka la Opal, akanunua kahawa mbili, moja akampa.

"Ndugu Garvin, nasikia kule kwako wanavunja fimbo."

"Nashukuru Mungu, Ndugu Verlon. Wakija, wanakuja wakubwa."

"Mimi nakupa miti yangu ya Harmon. Yote. Wewe nipe mahali pako pa Sulphur Fork."

Opal aliacha kuchota vidagaa. Garvin aliweka kikombe chini.

"Yote? Una hakika? Dada Ardith anasemaje?"

"Ardith anapenda samaki wakubwa," alisema Verlon.

"Verlon," Opal aliingilia, "usiache mbachao kwa msala upitao."

"Wewe uza chambo, Opal. Si ndiyo kazi yako?"

Walishikana mikono juu ya tangi la vidagaa. Asubuhi iliyofuata walipita Harmon kwa boti ya Garvin, na Verlon akamwelekeza mti mmoja mmoja, Garvin akitia alama kwenye skrini ya ramani ya boti yake. Verlon aliionesha haraka haraka, bila kuyatazama maji. Walipofika kwenye ghuba ya mawe alikuwa ameshaanza kuwaona samaki wa Sulphur Fork ndani ya kasha lake.

Siku ya kwanza Sulphur Fork alikaa kuanzia alfajiri hadi saa kumi jioni. Samaki walimjia wanne. Watatu walifika inchi kumi, na mmoja wao alikuwa inchi kumi na nne, mpana kama sahani. Verlon alimbusu paji la uso. Kesho yake walikuja wawili, wote halali. Keshokutwa hakuja hata mmoja. Alibadili chambo, akabadili kina, akambadilisha hata mtakatifu wa kumlaumu. Siku ya nane alikuwa na samaki kumi na mmoja kwenye jokofu, na karamu ilihitaji mia na ishirini.

Siku hiyo alimkuta Marlys gatini na rula yake.

"Asilimia themanini na mbili, Bwana Tackett! Unalipandisha ziwa."

"Wako wapi wengine?"

"Wengine wepi? Wavuvi wa hapa hupata watano kwa siku, wakibahatika. Nilikuwa nataka kukueleza siku ile. Watano, wanne halali. Harmon unapata mia, ishirini halali." Alimtazama. "Kwani ulifikiri namba ile ni nini?"

Verlon alikwenda akakaa ndani ya pikapu yake bila kuwasha moto. Alifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya, akaifanya tena, ikatoka vilevile. Kisha, badala ya kujuta, akamwonea Garvin wivu upya, na safari hii kwa sababu ya ziwa lake mwenyewe.

Siku ya karamu meza zilitandazwa chini ya turubai nyuma ya kanisa. Mafuta yalichemka, chai baridi ya sukari ilijaa madumu. Verlon alileta mfuko wake wa samaki kumi na mmoja, akauweka pembeni kama mtu anayeweka sadaka ya sarafu. Garvin alishusha makasha manne. Mapande yalikuwa madogo, ya saizi ya vidole vitatu, yaliyovingirishwa kwenye unga wa mahindi, na watu walikula wakirudia mara tatu.

"Samaki wa Verlon hawa!" alipaza sauti mchungaji, mdomo umejaa.

"Ni wa Garvin," alisema Verlon. Neno hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki.

Ardith alikuwa amekwisha kumega pande moja. Alilitafuna taratibu, akamtazama mumewe, kisha akamtazama Garvin. Mwanamke aliyekula samaki wa ziwa moja kwa miaka thelathini na moja hahitaji kuambiwa wametoka wapi.

Garvin, maskini, alidhani anafanya wema. Alitoa kitu mfukoni, amekifunga kwenye leso. "Dada Ardith, hiki kilikuja na ndoano yangu. Nikaona mwaka umeandikwa, nikasema lazima kina mwenyewe."

Kilikuwa kifuniko cha chupa ya jamu, kimeliwa na kutu, na mikwaruzo ya msumari: 1994. Mwaka ule mgodi alikofanya kazi Verlon ulifungwa, hawakuwa na hela ya mti, wakakata mwerezi kwenye uzio wa shamba la baba yake Ardith. Waliupamba kwa bisi.

"Kilikuja na ndoano yako," alirudia Ardith. "Wapi?"

Garvin alimgeukia Verlon, akaelewa. "Nilidhani anajua. Ndugu Verlon, ulisema... Mimi ningekurudishia hata leo. Kusema kweli nilikuwa nakuonea kijicho. Nilikuwa nakaa Sulphur Fork kutwa, fimbo kimya, upweke unaniua, nasikia watu wanasema kwa Verlon fimbo haitulii."

"Mkono ni mkono," alisema Verlon kwa ukali, kwa sababu kiburi ndicho kitu pekee kilichokuwa kimembakia. "Sichukui nilichotoa."

Ardith hakupiga kelele. Alikifuta kifuniko kwa aproni, akakitia mfukoni, akaenda kuosha masufuria. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliuliza swali moja tu.

"Kwa sababu gani?"

"Ulisema huyu sasa ndiye samaki."

"Nani alisema?"

Ardith hakukumbuka. Hapo ndipo Verlon alipolia, akiwa ameshika usukani, na Ardith akamwacha alie.

Kiangazi kikapita, vuli ikapita. Hawakulitaja jambo lile tena, na Verlon alidhani limezama. Tarehe mbili Januari alimkuta mkewe uani amevaa koti zito, mti wa Krismasi umelala kwenye theluji, tofali limeshafungwa, kifuniko kipya kinaning'inia kwenye tawi la juu.

"Ngoja nitoe boti," alisema Verlon, akikimbilia funguo.

"Boti yako haina ruhusa ya kufika pale," alisema Ardith. "Si ulishikana mkono?"

Pikapu ikapiga honi barabarani. Ilikuwa ya Garvin, imekokota boti. Garvin alishuka amekunja kofia mikononi, anatazama chini.

"Nimemwomba anipeleke," alisema Ardith. "Miti yangu iko kwake." Alishika shina, Garvin akashika kilele, wakaupandisha mti botini. Kisha Ardith akarudi jikoni, akachukua chupa ya kahawa na vikombe.

Verlon alivihesabu mkewe alipopita mbele yake. Vilikuwa viwili.