Isale Kwenye Kopo la Mrehani

Bi Mauza aligeuza jani la mrehani, akawakuta tena: nzi weupe, wadogo, wamejaa chini ya jani utadhani wamelipa kodi. Akalitikisa. Wakaruka kidogo, wakarudi palepale. Astaghafirullah! Mrehani huu aliulea juu ya paa la ghorofa lao hapo Kariakoo kwa sababu moja tu, vikuba, vishada vya kubandikwa kifuani, vya harusi ya mjukuu wake Huda. Harusi ni Ijumaa, na bibi harusi gani atabandikwa rehani yenye wadudu?

Na aliyemponza ni nani? Mama Allen! Severa, jirani yake wa mlango wa mbele, Mchaga wa Rombo, muuza vitenge mtaa wa pili. Si mtu baki huyu. Idi pilau linavuka kwenda kwake, Krismasi sahani inarudi imejaa. Huda alipokuwa mchanga na mama yake amelazwa, Severa ndiye aliyembeba mgongoni huku akipimia wateja vitenge. Ndiyo maana alipokuja na habari zake za kwenye simu, Bi Mauza hakubisha.

"Dada, tuchanganye," alisema. "Nyanya zangu zikae katikati ya mrehani wako. Wanaita mimea rafiki. Harufu ya rehani inafukuza wadudu, zote zinanawiri."

Wakabeba makopo ya rangi pamoja huku wanacheka, wakayapanga kopo la nyanya, kopo la mrehani, mpaka ukutani.

Sasa tazama. Nyanya za Severa zimeiva, majani masafi kabisa. Mrehani umejikunja, unanata, hata harufu umeisahau. Urafiki gani huu, mmoja ananenepa mwenzie anakonda?

Bi Mauza si mtu wa kukurupuka. Hivyo ndivyo anavyojisema mwenyewe, na sisi tumwachie. Alianza kupeleleza kimyakimya. Kwanza alihisi Severa anapuliza dawa kwa siri, akainama akanusa majani ya nyanya moja moja kama anayechagua samaki Feri. Hakuna kitu. Kisha akachukua kopo moja la nyanya, akalihamishia upande wa pili wa tangi la maji, mbali na mrehani, akasubiri. Haikupita wiki, nyanya ile nayo ikavamiwa na nzi weupe.

Kumbe mambo ya kwenye simu ni ya kweli! Rehani inalinda nyanya. Ila wadudu hawakufukuzwa, wamehamia tu, na walipohamia ni kwake.

Likabaki swali moja, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Je, Severa alijua? Kila asubuhi anapanda kumwagilia, macho anayo. Na siku hizi salamu yake imekuwa fupi, "Shikamoo dada," kisha anatazama sakafu. Bi Mauza akamtega.

"Mama Allen, mrehani wangu unaumwa, hujauona?"

"Labda jua, dada."

Jua! Jua la Dar limeota mabawa lini?

Jumatano asubuhi alipanda juu, akasimama mdomo wazi. Ndani ya kopo lake kubwa la mrehani mtu amechomeka mmea mgeni, shina moja, majani marefu ya kijani. Na jani moja limefungwa fundo. Moyo ukamlipuka. Fundo! Wiki ya harusi! Sasa yote yakajipanga kichwani mwake: kwanza mrehani, sasa mtoto. Wamemfunga Huda, alisema, wamemfunga mjukuu wangu.

Aliung'oa, akauviringisha kwenye gazeti mkono usiuguse, akashuka ngazi huku anasoma Ayatul Kursi. Mlangoni akamkuta Huda na hina yake mkononi.

"Mama Allen harusini haji," akamwambia.

"Bibi! Si ndiye atakayenivisha kikuba?"

"Nimesema haji!"

Huda akaanza kulia. Bi Mauza hakugeuka, maana angegeuka naye angelia.

Chini barabarani, kati ya mikokoteni na marobota, akalitupa gazeti lake jaani. Kasmir, Mchaga naye, muuza vitasa chini ya ghorofa lao, akaliona jani limechungulia. Akatoka dukani mbio, akaliokota kwa mikono miwili.

"Mama, isale hii! Nani kaitupa?"

"Mimi. Uchawi huo, utaungua mikono."

"Uchawi?" Kasmir hakucheka. "Hii kwetu ni msamaha. Mtu akikukosea kosa zito, anakuletea isale imefungwa fundo. Akishaileta hana tena la kujitetea, amejikabidhi kwako. Na hii haikuota hapa mjini, mama. Hii imeagizwa nyumbani, imekuja na basi. Nani kakuletea?"

Bi Mauza alimnyang'anya ule mmea, udongo ukamwagikia baibui, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekimbia bila kutaka kuonekana anakimbia.

Dukani kwake, Severa alikuwa anakunja kitenge. Alipoiona isale mkononi mwa Bi Mauza, kitenge kikamponyoka. Akakaa juu ya robota.

"Umenirudishia," alisema. "Basi. Ni haki yako, dada."

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliwaona wanahama. Mara ya kwanza katika maisha yangu nyanya zinanikubali, nikasema acha ziive kwanza, kesho nitamwambia. Kila siku kesho. Ukaniuliza, nikakudanganya. Mdomo ukawa mzito, ndiyo nikaagiza hiyo ije iseme." Alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Na sasa umenirudishia."

Hasira ilimpanda Bi Mauza upya, ya moto kabisa. Kumbe hakuwa anaota! Alishuku kweli, na alichoshuku kilikuwepo. Alitaka kusema maneno ambayo mtu hayarudishi. Rehani ya Huda imekwisha, na hakuna isale itakayoiotesha mpaka Ijumaa. Lakini mgongo ule uliomlea Huda ulikuwa mbele yake umejikunja juu ya robota, na yeye amesimama na mmea uliosafiri kutoka Rombo, mizizi inaning'inia nje, inakauka.

Akavuta stuli, akaketi, akauweka mmea mapajani.

"Mimi mambo ya kwenu nitayajulia wapi, Mama Allen?" alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Hii inamwagiliwa asubuhi au jioni?"