Ya Dereva

Kaberia alichovya gunia la mwisho ndani ya ndoo, akalikamua kidogo, akalitandaza juu ya mitungi ya maziwa iliyojaa nyuma ya Probox. Magunia mabichi na upepo wa dirishani vingeyapoza maziwa hadi Isiolo, mradi gari lisisimame.

"Hapo kona imebaki wazi," alisema Naimo, msichana aliyekusanya maziwa ya ngamia kwenye maboma ya upande wa Garbatulla.

"Hiyo nimeacha makusudi. Upepo iingilie wapi?"

"Haya, fundi wa upepo. Endesha. Jua imeamka na hasira."

Maziwa yalikuwa ya Habibo, au Mama Ikra, aliyeyauza mjini na kuyapeleka mengine Nairobi kwa basi la mchana. Nauli aliituma kwa simu moja kwa moja kwa Kirigia, mwenye gari. Kirigia naye hakumlipa Kaberia mshahara. Siku aliyompa funguo alimwambia, "Wateja hawakosi kukuachia kitu. Mimi sitauliza ni ngapi." Kitu hicho madereva walikiita ya dereva. Wafanyabiashara wa mifugo waliorudi na faida kutoka Oldonyiro walikikunja na kukibana kwenye kiganja chake. Maofisa wa semina waliomba risiti, wakashukuru, wakafunga mlango. Kaberia hakuwahi kumwomba mtu. Alihisi kwamba kikishaombwa kinakuwa kitu kingine.

Akina mama wa maziwa walikuwa na utaratibu wao. Gari likifika, walichota kidogo kutoka kila mtungi na kuchemsha kwenye jiko. Maziwa yakichemka vizuri, dereva alimiminiwa kikombe cha kwanza, na pesa yake ikawekwa chini ya kikombe. Yakikatika na kuwa mabonge, aliondoka mikono mitupu. Walikubaliana hivyo baada ya madereva fulani kuzoea kusimama kwenye miraa na chai huku mzigo ukipikwa na jua. Kaberia aliona ni haki.

Siku hiyo alikihitaji kikombe hicho kuliko siku zote. Leseni yake ilikuwa inaisha usiku, na Kirigia alikuwa amesema wazi kwamba mtu asiye na leseni hatagusa gari lake. Pesa ya kuilipia aliiweka kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imepungua kidogo tu, na ya dereva ya Habibo ingeijaza. Akitoka kwa Habibo angepita saiba, kwenye duka la kompyuta, ailipie, yaishe.

Kwenye kizuizi, ofisa alimpungia mkono asimame kando.

"Dere, zima gari. Leta leseni." Aliigeuza, akaisoma, akatabasamu. "Hii ni ya leo tu. Uko mpakani."

"Leo bado ni leo, afande. Nafika mjini nalipia."

"Na hii mzigo nitajuaje ni maziwa? Teremsha."

"Ni maziwa, afande. Nusa. Na inachacha haraka."

"Basi wewe ndiye unajichelewesha. Toa ya chai tuachane vizuri."

"Niko na ya leseni peke yake."

"Si nimesema teremsha?"

Kaberia akateremsha mtungi mmoja mmoja, akaipanga chini ya kivuli kifupi cha gari. Ofisa aliondoka kwenda kuzungumza na wenye lori. Magunia yakaanza kukauka. Kaberia alihesabu moyoni kwamba mtu huyo atachoka, kwa kuwa hakuwa na kosa lolote la kumpata nalo. Kivuli kikarudi nyuma, kikaiacha mitungi nje. Hapo ndipo alipotoa noti kutoka mfuko wa shati, akazikunja, akamfuata ofisa kwenye lori.

"Ona sasa," alisema ofisa kwa upole. "Ulikuwa unanikasirikia bure."

Kaberia alipakia mbiombio. Mtungi mmoja ukateleza, ukamwaga maziwa kwenye zulia la gari. Hakusimama kupangusa.

Habibo alikuwa amesimama barabarani alipofika. Hakumlaumu. Alichota, akamimina kwenye sufuria, akapuliza makaa. Wenzake wawili wakasogea kuangalia. Maziwa yalipanda, yakatulia, kisha yakajitenga, maji huku na mabonge huku. Alijaribu mtungi mwingine. Ukawa vile vile. Mitatu tu ilikuwa mizima.

"Ulikaa wapi, walalo, ndugu yangu?" aliuliza.

"Kizuizini, Mama Ikra. Afande aliniteremshisha mzigo yote."

"Hukutoa?"

"Nilitoa. Lakini nilitoa kama tayari nimechelewa."

"Ungetoa mapema," alisema mmoja wa wale wenzake, bila ubaya.

Wote wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema kwamba hakupaswa kutoa.

Habibo alishika kikombe, akakiangalia, akawaangalia wenzake.

"Jana dereva Isacko alipata pancha," alisema yule mwanamke. "Hatukumpa. Alilia hapa hapa."

"Najua. Mimi ndiye nilimnyima." Habibo alirudisha kikombe kwenye beseni. "Kaberia, wallahi wewe si mtu wa kukaa kwa miraa. Lakini basi inaenda na mitungi tatu. Nairobi watanipigia kelele mpaka usiku."

"Ni sawa, Mama Ikra. Ni vile mlikubaliana."

"Na leseni?"

Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kumwambia.

"Tutaona," alisema.

Alipita mbele ya saiba bila kupunguza mwendo.

Jioni, kwao Chechelesi, aliliegesha gari langoni, akaanza kuliosha. Gari lilipaswa kurudi kwa Kirigia likiwa safi, na maji ya kuliosha yalinunuliwa na dereva kutoka kwa wenye mikokoteni. Hiyo pia ilikuwa desturi. Alikuta nyumbani mtungi mmoja wa maji, na ulitosha kioo cha mbele, boneti na milango miwili. Simu ikalia.

"Leseni imetoka?" aliuliza Kirigia.

"Haijatoka, mzee."

"Basi asubuhi namwachia Tyson gari. Usinielewe vibaya, bima haijui huruma. Umeosha?"

"Nimeosha mbele."

"Na nyuma?"

Kaberia alitazama zulia. Maziwa yalikuwa yamekauka na kufanya ganda jeupe, nzi wamejaa.

"Nyuma bado. Maji hutoka kwa ya dereva, na leo haikutoka."

"Sasa Tyson atabeba abiria na hiyo harufu?"

"Mwambie akuje na ndoo."

Labda Kirigia alingoja aongezewe neno la kuomba radhi. Kaberia alikata simu, akafunga mlango wa nyuma, akatundika kitambaa kibichi kwenye kioo cha upande wa dereva, akaingia ndani.