Msumari Ndani ya Omoiri

Kitambaa kilipovutwa, watu walipiga makofi kabla hata ya kuona kilichofunikwa. Ndivyo sherehe zetu za Kisii zilivyo, makofi hutangulia na sababu hufuata. Madam Drusilla Nyasani naye alianza kutabasamu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa afisa wa elimu ya mazingira, akitunza bustani ndogo ya serikali nje ya Kenyenya na kuwafundisha watoto wa shule majina ya miti. Mwezi mzima alikuwa nyumbani kwa likizo yake ya mwisho, na leo wenzake walikuwa wanamuaga katika ukumbi wa kanisa.

Kilikuwa kiti. Kizito, chekundu, jina lake limechongwa mgongoni kwa herufi kubwa.

Sasa, Drusilla hawezi kupita karibu na mbao bila kuishika. Akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, polepole, kidole kikakwama kwenye kitundu. Kandokando yake palikuwa na doa jeusi, lile linaloachwa na chuma kilichokaa ndani ya mti miaka na miaka. Kilikuwa kitundu cha msumari, na msumari wenyewe aliujua.

Msumari huo aliupigilia mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini, bado hajui kitu, alitundika kibao cha jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago, kwenye ule mti mkubwa wa omoiri pale bustanini, ili watoto wasome jina la mti. Baadaye alijua kosa lake, kibao akakiondoa, lakini msumari uling'ang'ania na mti ukaumeza. Tangu hapo hakuna darasa lililopita bila kusimuliwa kisa hicho. "Hata mimi mwalimu wenu nimeuumiza mti huu," aliwaambia. "Ninyi msifanye." Kisha watoto walishikana mikono kuuzunguka. Ilihitaji watoto saba. Na siku alipokwenda likizo aliomba jambo moja tu, wamtunzie omoiri wake.

"Lewis," aliita kwa sauti ya chini. Lewis Mokua ndiye aliyerithi ofisi yake. "Mbao hii imetoka wapi?"

Lewis alikuwa akichekelea kama bwana harusi. "Nilijua utaitambua, Madam. Ni omoiri wetu. Tunajenga ukumbi wa elimu ya mazingira, utaitwa kwa jina lako, na mti ulikuwa katikati ya msingi. Nikasema usipotee bure. Fundi Ochoki amekifanyia kazi wiki mbili."

Loh, hapo mtu hukosa hata pa kushika. Angekuwa mwizi wa mbao, Drusilla angejua la kumfanya. Amewafikisha wengi kortini. Lakini huyu alikata mti kwa mapenzi, ili ajenge nyumba ya kufundishia watoto wasikate miti, na hakuona ubaya wowote. Alimfundisha nini, basi? Miaka yote ile ilikuwa ya nini?

"Keti tupige picha, Madam," mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti.

Hakuketi. Alisimama kando ya kiti, mikono ameikunja mbele. Na huku kwetu mwenye sherehe akisimama, nani atathubutu kukaa? Wakubwa wa kaunti waliokwisha kuinama walijinyoosha tena. Kwaya iliimba, pasta akaomba, hotuba nne zikasomwa, goti bovu la Drusilla likiwaka moto, na ukumbi mzima umesimama watu wakitazamana.

Mwishowe Lewis alimsogelea, jasho limemjaa usoni. "Madam, nimekosea wapi?"

"Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, mliponitembelea bustanini?"

"Nakumbuka."

"Walishikana watoto sita, mikono haikufika. Nikakuita wewe."

Lewis alitazama kiti, akatazama mikono yake. Kisha akapiga magoti mbele ya wageni wote, akatia kidole kwenye kile kitundu, akaanza kulia.