Barafu ya Mzee Alute

Fundi Laurian alitoka Singida mjini kutengeneza utambi uliokuwa ukitoa moshi, basi. Alipofungua friji la mafuta ya taa, pale kwenye baraza ya ghala la josho la kuogeshea ng'ombe, akacheka. Kisha akauona uso wa Antipasi, akaacha kucheka.

"Barafu hii ina muda gani?"

"Mwaka na zaidi. Sijairuhusu iguswe."

Antipasi alikuwa msaidizi wa bwana mifugo katika kijiji cha ujamaa cha Ulemo, na friji lile lilikuwa na kazi moja tu, kuhifadhi chanjo ya sotoka, tauni ya ng'ombe. Barafu ilikuwa fahari yake. Wageni wa wilaya wakija aliwafungulia mlango waione, nyeupe, nene kama godoro, nao wakampongeza. Aliamini kwamba barafu ikizidi na baridi inazidi, na nani angembishia? Ulemo nzima hakuna aliyewahi kuona barafu kabla ya friji lile.

Laurian aliigonga kwa kidole. "Baridi inatoka kwenye bati, huko nyuma yake. Barafu ikiwa nyembamba si neno. Ikinenepa hivi inakuwa blanketi. Joto la humu ndani halilifikii bati, linabaki hapa na dawa. Ilitakiwa uibandue kila wiki." Akachomoa kipimajoto kilicholala kando ya chupa, akamwonyesha. "Hii si baridi, ndugu yangu. Huu ni ubaridi wa kivuli tu."

Antipasi alikisoma kipimajoto, akakirudisha mahali pake. Hakusikia uchungu wala woga. Mwezi wa sita aliwachoma sindano ng'ombe arobaini kwa mkono wake mwenyewe. Sotoka ilipopita walikufa thelathini na mmoja, saba wakiwa wa baba yake, ambaye hakutaka kuwaleta mpaka mwanawe alipomwapia. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Antipasi naye aliitikia.

Kilichomjia akilini ni bakuli. Friji lilipokuwa jipya, baba yake, Mzee Alute, alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa na bakuli la bati na mwiko, akibandua barafu ya kuweka kwenye goti lake lililovimba. Antipasi akamkataza, mbele za watu, kwa sauti ya kukanya mtoto: unaharibu dawa ya kijiji. Mzee akaondoka na bakuli tupu.

Laurian alizima utambi, barafu ikaanza kuachia. Antipasi akajaza bakuli, akaenda nalo nyumbani kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alilitazama bakuli. "Na dawa?"

"Dawa iliharibika zamani. Ni barafu iliyoiharibu, kwa kuwa nene. Ulipokuwa ukija kuibandua, dawa ilikuwa nzima." Akaweka bakuli chini. "Ng'ombe wako nimewaua mimi."

Zizi mbele yao lilikuwa limeota majani. Mzee alilitazama.

"Yule mwekundu alikuwa na mimba," alisema.

"Najua, baba."

Mzee akanyoosha mguu. Antipasi akapiga magoti, akaiweka barafu juu ya goti na kuishikilia kwa viganja viwili mpaka ikayeyuka yote. Vidole vyake vilikufa ganzi, naye hakuviondoa.

"Jumapili nitakuja na mwiko wangu," alisema mzee. "Safari hii usinifukuze mbele za watu."