Kura ya Majaribio

Barua ya bendi ilikuwa ya mstari mmoja, nayo ilimfikia kinyozi kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa mashabiki: "Je, mnaunga mkono majaribio?"

Aliisoma mashine ikiwa mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Kaka yake wa tumbo moja ndiye mpiga drami wa bendi hiyo ya roki, mwaka wa thelathini na moja sasa, na siku hizi ukumbi ulijaa viti kuliko watu. Bendi ikifa, kaka angerudi kupiga meza za nyumbani, na shemeji alishasema meza zake hazipigwi. Muziki mpya pekee ndio ungemwokoa. Kinyozi akakata shauri: majaribio, hata ikiwa ni kupuliza filimbi ndani ya ndoo.

Jioni hiyo mashabiki wakajazana kwake. Fundi viatu akaongoza wapinzani. Alitaka bendi ibaki na nyimbo zake nne. Ile ya tano, ya miaka kumi na miwili iliyopita, bado aliihesabu kuwa uasi. Mwalimu mstaafu wa hesabu akajibu kwamba yeye anataka muziki usioeleweka, maana unaoeleweka ameshauelewa. Mteja wa nusu kichwa, ambaye bado hajamaliziwa, naye akapewa nafasi ya kuchangia, kwa sharti asitikise shingo.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," fundi viatu akaonya.

"Mbacha wetu umetoboka, ndugu yangu," kinyozi akasema. "Tunakalia sakafu."

Kicheko ndicho kilichopiga kura: kumi na tisa kwa kumi na mmoja. Kinyozi akaandika jibu kwa mkono wake: Tunataka majaribio, tena haraka.

Jumamosi asubuhi wakaenda ukumbini, wakakuta vijana watatu wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na vijiti vyake na namba kifuani. Kiongozi wa bendi akawashukuru mashabiki kwa ujasiri. Yeye, alisema, alikuwa akiona haya kumpima mzee mwenzake na kumtafutia mrithi, lakini kwa kuwa mashabiki wenyewe wameomba, basi majaribio ya mpiga drami yaanze.

Kinyozi akatamani ardhi immeze. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao alikuwa nyuma ya drami, anamtazama.

"Mwandiko wako naujua tangu darasa la kwanza," kaka akamwambia.

Akaanza yeye. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wa pili, katikati, mkono wa kushoto ukashika njia yake na wa kulia yake, magitaa yakabaki yakitafutana kama watu waliozimiwa taa. Mwalimu mstaafu akasimama, machozi yakimlengalenga. Hayo sasa ndiyo majaribio, akatangaza, hesabu isiyo na jibu. Kambi yake nzima ikasimama. Fundi viatu, kwa kuona mzee ni yuleyule na kiti ni kilekile, akawasimamisha wake kushangilia kwamba hakuna kilichobadilika. Kiongozi akakuna kidevu, akawaambia vijana warudi kwao.

Nje, kinyozi akaanza kuomba radhi. Kaka akamkatiza.

"Nilisahau wimbo, mdogo wangu. Na sasa wanautaka hivyohivyo wiki ijayo."

Kinyozi akachukua vijiti, akagonga ngazi ya ukumbi kumwonyesha jinsi alivyopotea. Kaka akajaribu, akapiga sawasawa, bila kasoro.

"Hapana, kaka," kinyozi akasema. "Angalia usije ukapatia."