Boksi la Hamsini, Kila Siku

Jumatatu, saa nne kasoro robo asubuhi, Verlin Stroud alisimama mbele ya kaunta ya duka la zana za uwindaji la Pruett Fork, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa, akaomba boksi moja la risasi za bastola, milimita tisa, hamsini ndani. Twila, mwenye duka, alikuwa juu ya ngazi ndogo akibandika bei mpya juu ya bei ya Ijumaa, ambayo nayo ilikuwa imebandikwa juu ya bei ya wiki iliyotangulia. Kibandiko kilikuwa kimenenepa kama mkate.

“Thelathini na nane,” alisema Twila bila kugeuka.

“Ijumaa zilikuwa thelathini na nne.”

“Ijumaa hata mimi nilikuwa kijana zaidi. Unachukua, huchukui?”

Verlin alichukua. Alikuwa mteja pekee wa risasi aliyebakia, na Twila alimweleza kwamba ndiyo sababu yenyewe ya bei kupanda: wateja waliokimbia lazima walipiwe na aliyebaki. Kisha likamtoka swali ambalo mwenye duka mwerevu hamuulizi mteja wake wa mwisho.

“Lakini Verlin, watu wote risasi zao zinarudi nyumbani bure. Zako hazirudi?”

“Zinarudi.”

“Sasa?”

“Napenda mpya,” alisema Verlin, akatoka na masikio mekundu kama ametoka kuvutwa na mwalimu.

Risasi zilianza kurudi mwezi wa Januari, wiki ile boksi lilipovuka dola thelathini. Hakuna aliyeona ajabu. Kitu kikishakuwa cha thamani hivyo, watu walisema, hakiwezi kukubali kulala kwenye tope. Kila aliyewahi kupiga shabaha katika mji ule aliamka akakuta risasi zake mezani, nzima, baruti ndani, zimejipanga kwa kusimama. Zilirudi kinyumenyume, za karibuni kwanza, risasi za mwezi mmoja kila asubuhi, na kila moja ilibeba kichwani kipande cha kitu ilichopita: karatasi ya shabaha, udongo, kibanzi cha msonobari. Lorene, mkewe Verlin, alizisukumia pembeni kwa mwiko apate nafasi ya kuweka mayai.

Kujua ipi ya nani hakukuwa na taabu. Watu wa klabu ya shabaha ya Alhamisi hujaza risasi zao wenyewe majumbani, na kila mmoja hupaka kitako cha risasi wino wa rangi yake, ili jioni akiinama kuokota maganda ya shaba aokote yake tu. Ukiokota ganda la mwenzako Pruett Fork, heri ungemwibia ng'ombe. Wino wa Verlin ulikuwa wa kijani.

Harlan Boggs, mwenyekiti wa klabu, alijaribu na kuthibitisha kanuni zilizobaki. Risasi iliyorudi ukiipiga tena, imekwenda moja kwa moja, hairudi tena. Na ukipiga boksi zima la risasi mpya, kesho yake zinarudi hizo mpya kwanza, na mwezi wa zamani uliokuwa njiani unangoja siku nyingine. Kanuni hii ya mwisho haikumfaa mtu yeyote, maana nani atanunua mpya na meza imejaa? Harlan aliitaja ili orodha itimie. Watu walicheka. Verlin aliiandika nyuma ya bahasha.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Katikati ya Novemba, kila nyumba ingepokea Oktoba ya mwaka tisini na sita.

Oktoba ile, Alhamisi moja, mwenyekiti wa wakati huo alipaza sauti, “Simamisheni!” Delmer Ogle akashuka uwanjani kubandika karatasi mpya. Verlin alikuwa ameziba masikio, na jicho lake lilikuwa limeng'ang'ania kidude cheusi cha katikati. Akapiga. Kushoto kwake, mgeni wa wiki mbili, Royce Tibbets, kijana wa miaka kumi na tisa, naye hakusikia, naye akapiga. Milio miwili ilitoka kama mmoja. Delmer akaanguka ameshika goti, risasi imepita ikazama kwenye tope. Watu walipogeuka, walimwona Royce ameshika bastola inayofuka. Verlin alikuwa ameshaiweka yake mezani, kwa adabu, kama mtu aliyestaafu.

“Ni mimi,” alisema Royce, analia. “Nimepiga. Ni mimi.”

Verlin alifungua kinywa. Kisha akaona neno limeshasemwa.

Basi goti la Delmer halikukunjika tena, na kazi yake ya kuezeka mapaa ikaishia hapo. Tangu siku ile alikuwa akimimina kahawa klabuni. Royce alifutwa uanachama. Kinu cha chakula cha kuku hakikumwajiri, na kanisani wanawake walihama benchi la mama yake mmojammoja, kwa upole, kila Jumapili mmoja, mpaka akabaki peke yake na vitabu vya nyimbo. Mama akafa. Royce akahamia mji wa pili, maili arobaini, akafungua karakana ya matrekta. Verlin alituma maua msibani, yasiyo na jina.

Kwa hiyo katikati ya Novemba ilipokaribia Verlin alianza kununua. Boksi moja kila siku. Saa tano alikuwa kwenye machimbo ya mawe nyuma ya nyumba, mvua inyeshe isinyeshe, anapiga hamsini bila hata kulenga, kama mgonjwa anayekunywa dawa kwa saa. Asubuhi hizo hamsini zilimngoja mezani zina vumbi la mawe, na Oktoba ilikaa nje ikingoja zamu. Aliwahi kujaribu kuidanganya kwa kupiga ishirini na tano, siku ambayo kilichokuwa njiani ni Novemba ya mwaka uleule tu, mwezi usio na hatari. Zikarudi zote ishirini na tano, na Novemba nzima nyuma yake. Ilitaka boksi kamili.

“Mume wangu,” aliuliza Lorene siku ya kumi, “unanunua risasi na jokofu zima limejaa risasi?”

“Mazoezi.”

“Mazoezi ya nini? Miaka sitini na saba hii unajiandaa kuitwa jeshini?”

Siku ya kumi na nne aliuza injini ya mashua. Siku ya kumi na saba aliuza mashine yake ya kujazia risasi, aliyorithi kwa baba yake, na mnunuzi akamuuliza kama ana mgonjwa nyumbani. Jumatatu ile ya Twila ilikuwa siku ya kumi na tisa. Jumanne kibandiko kilisema arobaini na tatu. Verlin alihesabu vilivyokuwa mfukoni mara mbili, akavaa kofia yake, akamwambia Twila kuna baridi leo, akatoka.

Jumatano asubuhi Oktoba ilikuja. Risasi mia mbili na tatu, vitako vya kijani, zimesimama mezani kama kwaya. Mia mbili na mbili zilikuwa na udongo. Lorene aliziondoa kwa mwiko, na alipofika kwenye ile moja iliyobaki akasimamisha mwiko. Ilikuwa na uzi wa suruali ya jinzi, na kwenye ncha yake kipande cha mfupa, kidogo, cheupe, kama punje ya mchele.

Lorene aliitazama mpaka mayai yakaungua. Yeye pia alikuwa amehama lile benchi. Alikuwa wa tatu.

“Kesho Alhamisi,” alisema.

“Najua.”

“Utaipeleka.”

“Nitaipeleka,” alisema Verlin, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Alhamisi jioni klabuni palikuwa na watu kumi na wawili na harufu ya kahawa. Verlin alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, machache, yasiyojitetea. Alikuwa ameshasimama ili ayaseme mlango ulipofunguka, akaingia mwanamume mwenye mvi na kucha nyeusi za oili, chupa ya jamu kwapani. Ilichukua muda watu kumtambua. Delmer alimtambua kwanza. Buli la kahawa lilibaki hewani.

“Jioni njema,” alisema Royce Tibbets. “Sitawapotezea wakati.”

Aliimimina ile chupa mezani. Risasi kumi na tatu zenye vitako vyekundu.

“Zimerudi majuma matatu yaliyopita. Zote nilizopiga mwezi ule, ya siku ile ikiwemo. Nimezikagua kwa kioo cha kukuzia. Udongo, udongo, udongo, kibanzi cha mti, udongo. Ya mwisho ndiyo hii. Ina jani la msonobari.” Akaiweka kando. “Hakuna hata moja iliyompita mtu. Nilikaa nazo majuma matatu, nikidhani labda sijui kutazama.”

Watu waliinama, wakatazama, wakanyooka. Harlan Boggs alisafisha koo kiuenyekiti.

“Udongo ni udongo, Royce. Risasi ikishatoka gotini ikazama kwenye tope, itarudi na nini? Tope.”

“Na mfupa je?”

“Miaka ishirini na sita! Hata mimi mifupa yangu haijabaki mingi.”

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Royce hakucheka. Alimgeukia Delmer.

“Mzee Delmer. Wewe unasemaje?”

Delmer aliweka buli chini polepole, akajishikilia kwenye meza kwa ajili ya lile goti.

“Kijana,” alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, “mimi nimekuchukia miaka ishirini na sita. Nimekuzoea. Mama yako alinisalimia sokoni mara tatu, sikumwitikia, na sasa hayupo wa kumwitikia. Leo unataka nianze na mtu mwingine? Nina miaka sabini na minne. Sina nguvu hiyo.”

Kila mtu alielewa. Verlin alielewa kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa vimeshafungua kifungo cha mfuko, risasi imo kati yavyo, imepata joto la mwili. Kilichobaki ni kuitoa na kuiweka mezani, mwendo wa mkono, kama kulipia soda. Alitazama goti la Delmer. Alitazama kucha za Royce. Alijiambia kwamba Delmer kaomba apumzishwe, na ni adabu kumsikiliza mlemavu. Lilikuwa wazo zuri, na alilichukia papo hapo, na alilishika.

“Tufanye hivi,” alisema Harlan, amefurahi kwamba hakuna aliyepigana. “Yaliyopita yamepita. Leo piga nasi, kama mgeni. Ada ya mgeni tunakusamehe. Au sivyo, jamaa?”

“Ndiyo, ndiyo,” walisema, na baadhi yao waliguswa na wema wao wenyewe.

Royce alisimama akiwaza. Pengine alikuja kutafuta kikubwa zaidi, lakini mtu aliyekaa nje miaka yote hiyo, ukimwonyesha mlango wa jikoni huona kama ni sebule. Alirudisha zile kumi na tatu kwenye chupa, moja moja.

“Hizi sizipigi. Hizi ni ushahidi wangu. Na sikuja na nyingine.” Akageuka kwa aliyekuwa karibu naye. “Kaka Verlin, niazime moja tu. Naiona hiyo mkononi mwako.”

Verlin alitazama mkono wake. Ulikuwa umetoka mfukoni bila yeye.

“Hii...” alisema.

“Moja tu, kaka. Najua bei.”

Kumi na wawili walikuwa wakitazama. Kumnyima mgeni risasi moja, mgeni huyu, siku hii, lingekuwa jambo la aibu. Verlin alimpa.

Royce aliileta karibu na macho. Miwani ya kusomea alikuwa ameiacha garini.

“Kijani,” alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Bado unatumia kijani. Imechafuka kidogo hii yako.” Akaipangusa kwenye paja la suruali yake, mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anavyopangusa tunda la kupewa.

Walivaa vizibo vya masikio. Harlan akamwazima Royce bastola yake, akahakikisha hakuna mtu uwanjani, akahakikisha tena. Royce alisimama mahali pake pa zamani, akalenga. Akapiga. Karatasi ilipoletwa, tundu lilikuwa katikati kabisa ya kidude cheusi, na klabu nzima ikapiga makofi, Delmer naye, akiwa ameegemea meza. Risasi ile ilikuwa imeshapigwa mara ya pili. Ilikwenda moja kwa moja.

Royce aliushika mkono wa Verlin kwa mikono yake yote miwili.

“Boksi ni arobaini na tatu, nimepita dukani nikaona,” alisema, machozi yakimlengalenga. “Na wewe ukatoa hivihivi. Mama angejua, angekuombea. Wewe peke yako, kaka. Wewe peke yako.”

Verlin alisema si kitu.

Lorene alikuwa hajalala. Alikuwa ameoka pai ya matufaha, jambo ambalo halifanyi katikati ya wiki, na alikuwa amekaa mbele yake na koti mwilini, kama mtu aliye tayari kumfuata mume wake polisi.

“Umeipeleka?”

“Nimeipeleka.”

“Royce amejua?”

“Alikuwepo. Nilimkabidhi mwenyewe, mkononi.”

“Akasemaje?”

“Alinishukuru.”

Lorene alijifunika mdomo. “Na wenzako?”

“Walipiga makofi.”

Alilia kidogo, kwa raha, akajipangusa kwa mkono wa koti. “Unaona sasa? Miaka yote hiyo umeogopa bure. Watu ni wema, Verlin, ukiwapa nafasi.” Akamkatia kipande kikubwa, robo nzima, akamsogezea. Verlin alikila chote, akaomba kingine, kwa sababu sahani ndiyo iliyokuwa mahali pekee pa kutazama.