Kompyuta ya Dakika Nne

Kompyuta ya studio ilikuwa ya kujivuta. Kupika video ya harusi, yaani kuunganisha vipande vyote viwe kitu kimoja, kuliichukua saa nzima, na ikishaanza hakuna kuigusa, maana siku moja iligoma katikati ya keki ikapoteza harusi ya watu. Basi kwa miaka sita mhariri na mumewe mpiga picha, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Tabasamu, waliikalia saa hiyo wakinywa chai. Ndipo walipoongea. Saa nyingine zote mume alikuwa na kamera usoni, mke na vipokea sauti masikioni.

Ila wateja walichoka kusubiri. Bwana Tabasamu akamkokota mkewe hadi dukani.

"Hii sasa, shemeji," muuzaji akasema akipapasa sanduku jeusi, "prosesa ya kisasa, kadi ya michoro ya kazi nzito, RAM hadi ya kugawia majirani. Video ya saa moja inakupikia kwa dakika nne."

Mhariri akapiga hesabu. Dakika nne hata maji hayachemki.

"Na ile?" Akaonyesha moja yenye vumbi, rafu ya chini.

"Ile ni ya kuandikia barua, shemeji."

"Inapika kwa muda gani?"

"Mama watoto," mumewe akaangua kicheko, "umekuja kununua kompyuta au jongoo?"

Wakachukua ya dakika nne. Njia nzima mhariri alinuna, akasingizia jua. Angeanzaje kumwambia mtu kwamba analilia kucheleweshwa?

Kesho yake mchana akamaliza kuhariri harusi ya kwanza. Akaiweka ipike, akaenda kubandika maji kwa mazoea tu. Hayajapata hata moto, akasikia mlio kutoka studio: tayari. Akazima jiko, akarudisha vikombe kabatini. Alitaka kulia, na alijiona mjinga kwa hilo.

Aliporudi, skrini haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kile kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti. Bwana Tabasamu ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, kamera ameiweka chini.

"Imeshamaliza," mhariri akasema. "Nimeisikia ikilia."

"Mimi sioni kitu," mumewe akajibu. "Na mteja nimemwambia aje jioni. Chai iko wapi?"